Kusaidiana katika Kemia: Mwongozo kwa wanafunzi wa Kisii na Nyamira

KEMIA ni miongoni mwa masomo yanayoamua hatima ya mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya. Anayenuia kusomea udaktari, famasia au uuguzi hana budi kulipita vyema. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako mashamba yamegawiwa warithi hadi yakabaki vipande vidogo, wazazi wengi huiona elimu kuwa ndio urithi wa pekee wanaoweza kuwaachia watoto wao. Ndiposa alama ya somo hili huzungumziwa jikoni kama inavyozungumziwa darasani.

Jamii ya Abagusii ina desturi ya tangu jadi iitwayo risaga, ambapo majirani hukusanyika kulima au kupalilia shamba la mmoja wao, kisha siku nyingine wakaenda kwa mwingine. Wanafunzi wanaosaidiana kujibu maswali ya Kemia, wawe wameketi maabarani au wakitumiana maswali kwa simu wakati wa likizo, hufuata kanuni iyo hiyo. Aliyeelewa hesabu za moli humfunza mwenziwe, naye akafunzwa kemia ya kaboni. Lakini katika risaga mwenye shamba hakai kitako akitazama wengine wakilima. Kadhalika, anayeuliza swali hana budi kuonyesha kwanza alipofikia na mahali alipokwama.

Muundo wa mtihani

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4. Kemia, ambayo nambari yake ni 233, hutahiniwa kwa karatasi tatu. Karatasi ya kwanza na ya pili ni za nadharia, kila moja ikiwa na alama 80 na muda wa saa mbili. Karatasi ya tatu ni ya vitendo. Ina alama 40 na huchukua saa mbili na robo, zikiwemo dakika 15 za kusoma maswali.

Katika kukokotoa alama ya mwisho, karatasi mbili za nadharia hupunguzwa hadi alama 60, ilhali zile 40 za vitendo huhesabiwa zote. Hivyo basi mwanafunzi aliyekariri daftari zima lakini hajashika bureti amejinyima fursa kubwa. Vikundi vingi hukosea hapa, kwa kuwa ni rahisi kujadili nadharia kuliko kutafuta nafasi ya kufanya jaribio.

Mfano wa hesabu ya moli

Swali linalowatatiza wengi ni la titresheni. Tuseme sentimita 25 za ujazo za myeyusho wa sodiamu haidroksaidi zimehitaji sentimita 20 za asidi ya salfuriki yenye moli 0.1 kwa lita. Je, ukolezi wa haidroksaidi ni upi?

Moli za asidi ni 20 × 0.1 ÷ 1000, yaani 0.002. Mlinganyo wa mmenyuko unaonyesha kwamba moli moja ya asidi hiyo huhitaji moli mbili za haidroksaidi. Kwa hiyo moli za haidroksaidi ni 0.004, na ukolezi wake ni 0.004 × 1000 ÷ 25, yaani moli 0.16 kwa lita. Anayesahau uwiano wa moja kwa mbili hupata 0.08, nusu ya jibu sahihi.

Mwenye kusaidia asitoe tarakimu 0.16 pekee. Amwulize mwenziwe kwanza: mlinganyo umesawazishwa? Uwiano ni upi? Vipimo viko katika lita au sentimita za ujazo? Maswali hayo matatu yatamfaa katika kila hesabu ya aina hiyo, ilhali jibu tupu litamfaa mara moja tu.

Mfano wa kutambua ayoni

Aghalabu karatasi ya vitendo humtaka mtahiniwa atambue ayoni zilizomo katika chumvi fulani. Myeyusho wa sodiamu haidroksaidi ukitiwa tone kwa tone, ayoni za zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe, na mashapo hayo huyeyuka haidroksaidi inapozidi. Hadi hapo hakuna awezaye kuzitenganisha.

Hatua inayofuata ni kutumia myeyusho wa amonia. Ukizidishwa, mashapo ya zinki pekee ndiyo huyeyuka. Ili kutofautisha alumini na risasi, hutiwa myeyusho wa potasiamu ayodaidi. Risasi hutoa mashapo ya manjano, alumini haitoi. Mwanafunzi akiweza kumweleza mwenziwe kwa nini kila hatua inafuata ile nyingine, hatakuwa na haja ya kukariri jedwali. Ikumbukwe pia kwamba alama hutolewa kwa kile kilichoonekana na kwa hitimisho lake, na mambo hayo mawili hayapaswi kuchanganywa.

Kemia iliyo shambani

Wakazi wa Gusii wamezungukwa na mifano. Majani ya chai yanayopelekwa katika viwanda kama vile Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi husemekana kuchachushwa kabla ya kukaushwa. Je, ni uchachushaji kama ule wa pombe? La. Katika pombe, hamira hubadilisha sukari kuwa ethanoli na kaboni dayoksaidi. Katika chai, kimeng'enya kilicho ndani ya jani lenyewe huunganisha kemikali za jani na oksijeni ya hewa, na rangi hugeuka kutoka kijani hadi hudhurungi. Huo ni uoksidishaji. Joto la kukaushia huharibu kimeng'enya hicho, na mmenyuko ukakoma.

Ndizi nazo zina somo lake. Zinapoiva hutoa gesi ya ethini, ambayo huharakisha kuiva kwa nyinginezo zilizo karibu. Ndiyo sababu mkungu ukifunikwa huiva upesi. Baadhi ya wafanyabiashara katika nchi mbalimbali hutumia kalisi kabaidi, ambayo ikikutana na unyevu hutoa ethaini, gesi yenye athari kama hiyo. Mlinganyo wake ni CaC₂ + 2H₂O → Ca(OH)₂ + C₂H₂. Hata hivyo, kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, ambazo ni hatari kwa afya, na ethaini hulipuka kwa urahisi. Swali hili lijadiliwe kwa kalamu na karatasi. Halifai kujaribiwa nyumbani.

Suala la lugha

Mtihani wa Kemia huandikwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wengi huelewana upesi zaidi kwa Ekegusii au Kiswahili. Hakuna ubaya kueleza dhana kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili nacho kina msamiati wake wa sayansi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. La muhimu ni kwamba baada ya maelezo, mwanafunzi aandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani, kwani mtahini husoma kilichoandikwa, si kilichoeleweka moyoni.

Uhaba wa vifaa

Uhaba wa kemikali na vyombo si jambo geni. Mwaka 1998, Wizara ya Elimu kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Wilaya za wakati huo za Gucha na Kisii ya Kati zilikuwa miongoni mwa wilaya tisa za majaribio. Walimu walihimizwa kumweka mwanafunzi katikati ya somo, kumpa majaribio ya kufanya na kubuni vifaa kwa vitu vinavyopatikana karibu.

Funzo hilo lingali na manufaa. Petali za maua yenye rangi kali zikipondwa na kuchujwa hutoa kiashiria cha asidi na besi. Maji ya limau na majivu yaliyoyeyushwa katika maji yatatosha kukijaribu. Hata hivyo, majaribio ya asidi kali na gesi zenye sumu yafanywe maabarani pekee, mwalimu akiwepo.

Mipaka ya kusaidiana

Kuna msaada na kuna udanganyifu. Kabla ya mtihani wa vitendo, walimu hupokea maagizo ya siri yanayotaja kemikali za kuandaliwa. Anayevujisha maagizo hayo au kuuza majibu hamsaidii mtahiniwa. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inatoa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi Sh2 milioni, au vyote viwili, kwa anayepata au kufichua karatasi za mtihani kinyume cha sheria. Isitoshe, nyingi ya karatasi zinazouzwa kwenye simu huwa ni bandia, na mzazi hupoteza fedha bure.

Madhara hayaishii kwa mkosaji. Matokeo ya KCSE ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, yalizua mjadala mkali kuhusu kupanda ghafla kwa alama za baadhi ya shule, zikiwemo za Gusii, hata Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikafanya uchunguzi. Katika mjadala wa aina hiyo, mwanafunzi aliyekesha akisoma hujikuta akitiliwa shaka pamoja na asiyesoma. Ngao yake ni ujuzi wenyewe, kwani chuo kikuu kitampima tena maabarani.

Mfumo unaobadilika

Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 umepangiwa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na Kemia imo katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtaala huo huipa kazi ya mradi na ya vikundi uzito mkubwa zaidi.

Kwa sasa, kikundi chenye wanachama wanne au watano kinatosha. Kila mmoja apewe mada yake, maswali ya miaka iliyopita yajibiwe kwa kufuata saa, na ripoti za KNEC kuhusu makosa ya watahiniwa zisomwe pamoja. Swali likiwashinda wote, liandikwe na kupelekwa kwa mwalimu. Na kabla ya kikao kufungwa, aliyesaidiwa arudie jibu lote peke yake, bila kuangalia daftari la mwenziwe.