Ifahamu iscsid, programu inayoshikilia diski iliyo mbali

KATIKA vyumba vingi vya seva, diski inayotunza kumbukumbu za taasisi haimo ndani ya kompyuta inayoitumia. Imo katika kabati jingine, pengine hata jengo jingine, na kinachoziunganisha ni waya wa mtandao.

Katika kompyuta zinazotumia Linux, kazi ya kuulinda uhusiano huo mara nyingi hukabidhiwa iscsid, programu ya mradi wa Open-iSCSI inayofanya kazi chinichini, bila dirisha wala kitufe.

Jina lake limetokana na iSCSI, utaratibu uliochapishwa kuwa kiwango cha intaneti Aprili 2004, na kuandikwa upya mwaka 2014. Utaratibu huo huzichukua amri za SCSI, ambazo awali zilipita katika waya mfupi kati ya kompyuta na diski yake, na kuzisafirisha kwa TCP hadi popote mtandao unapofika. Kompyuta nayo huiona diski hiyo kana kwamba imefungwa ndani yake.

Wapo wanaodhani kwamba data zote hupitia iscsid. Sivyo. Kusoma na kuandika hufanywa na kiini cha mfumo wenyewe. Kazi ya iscsid ni kubisha hodi: hujitambulisha kwa jina na nywila, hukubaliana masharti na upande wa pili, kisha hukaa ikisubiri habari mbaya.

Habari hiyo haikawii. Kwa mipangilio ya kawaida, uhusiano ukikaa kimya kwa sekunde 5, hutumwa salamu fupi. Isipojibiwa ndani ya sekunde 5 nyingine, uhusiano huhesabiwa umekatika, na iscsid huanza kuomba kuingia upya.

Hapo ndipo ilipo hatari isiyoonekana. Iscsid ikifa mchana wa kawaida, hifadhidata huendelea kuandika kama kwamba hakuna kilichotokea. Siku waya unapochomoka, walau kwa dakika moja, hakuna wa kubisha hodi tena.

Maombi ya kuandika husubiri katika foleni kwa sekunde 120. Zikipita, kiini hurudisha makosa kwa programu zilizoomba, na mfumo wa faili kama ext4 unaweza kujifunga usiandikwe tena. Penye njia mbili za kuifikia diski, wataalamu huupunguza muda huo hadi sekunde chache ili kazi ihamie njia ya pili. Pale ambapo mfumo mzima umo katika diski hiyo ya mbali, huuongeza hata kufikia siku nzima.

Lipo jambo moja ambalo iscsid haizuii. Kompyuta mbili zikiunganishwa na diski moja yenye mfumo wa faili wa kawaida, kila moja huandika ikijiona peke yake, na faili huharibika bila onyo lolote.