Mzinga wa Fort Jesus na Boti Iliyotuzimikia Bodo

Kama umewahi kuzuru Fort Jesus, kuna uwezekano mkubwa una picha umeegemea mzinga. Mimi ninazo tatu. Miongoni mwa mizinga ya pale kuna mmoja uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na shuleni, kama mwalimu aliifikia kabisa, hadithi yake huenda hivi: Septemba 20, 1914, iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikakimbilia kwenye delta ya Rufiji, ikajificha, ikapigwa mwaka uliofuata. Basi. Mizinga, meli, tarehe, mtihani.

Sasa mimi nasema hiyo si hadithi ya mizinga. Ni hadithi ya injini kukataa kuwaka katika joto na chumvi ya pwani yetu. Na nililielewa hilo nikiwa Bodo, sio maktaba.

Ilikuwa hivi. Tulitoka Bodo kwenda Funzi, tuko kama watu tisa, mama mmoja na mtoto mgongoni, magunia mawili ya unga, na mimi na simu yangu nikirekodi mikoko. Kusi linavuma. Tulipofika nje kidogo, mashine ikazima. Haikukohoa, haikupunguza mwendo. Ilikata tu, kama mtu amezima taa. Nahodha akavuta kamba, akavuta, akavuta. Mtu wa mbele akasema mafuta yamechanganywa na maji. Mwingine akaanza kusoma dua. Mimi nikaacha kurekodi, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida.

Tukasukumwa na maji karibu nusu saa. Nahodha akajaribu tena, mashine ikawaka mara moja, kama haikuwa na shida yoyote. Sote tukasema alhamdulillah. Tulipogeuza na kukaribia ufuo wa Bodo, ikakata tena.

Ufuoni kuna mzee fundi wa mashine za boti. Hakuuliza kuhusu mafuta. Aliuliza swali moja tu: "Ilikufa ikiwa moto, ikafufuka ikipoa?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Akacheka. "Basi hiyo ni magneto, mwanangu. Koili imechoka."

Hapo ndipo nikaingia kwenye shimo la kusoma ambalo sijatoka hadi leo.

Magneto ni kitu rahisi kwa wazo: sumaku inazunguka karibu na koili ya waya wa shaba, inazalisha umeme, umeme unaruka kwenye plagi kama cheche, petroli inawaka. Haihitaji betri. Unavuta kamba, gurudumu linazunguka, cheche inatoka. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1887 kwa injini za kukaa mahali pamoja, kisha mwaka 1902 mhandisi wao Gottlob Honold akatoa ile ya volti ya juu iliyoifaa plagi ya cheche. Kufikia 1914 Uingereza ilikuwa inanunua karibu magneto zake zote kutoka Ujerumani. Vita vikaanza, duka likafungwa. Hebu fikiria: unataka kurusha ndege dhidi ya Mjerumani, na cheche ya ndege yako unainunua kwake! Ikabidi Waingereza wajifunze kutengeneza kwa haraka.

Rudi Rufiji. Novemba 1914 Waingereza walimkodi rubani kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, wakamweka kisiwa cha Niororo karibu na Mafia aitafute Königsberg kutoka juu. Inasimuliwa kwamba rejeta ya ndege ilipoharibika, ilitafutwa nyingine Mombasa, kwenye gari la Ford. Yaani jua kali ile ilikuwa ni jua kali! Aliiona meli, lakini Desemba injini ikamwangusha na Wajerumani wakamkamata. Mwaka 1915 zikaja ndege za Sopwith, nazo joto likazishinda. Mwishowe Julai 11, 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka kutoka Mafia wakiongoza mizinga ya Severn na Mersey. Ndege ikapigwa, injini ikawa inakufa, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wakishuka kuelekea mtoni. Königsberg ikaisha siku hiyo.

Ndege za injini za pistoni zilijifunza somo: siku hizi nyingi zina mifumo miwili ya cheche, na kabla ya kuruka rubani anazima mmoja mmoja asikie mzunguko wa injini ukishuka kidogo. Na hapa ndipo nilipopenda. Mzunguko usiposhuka hata kidogo, hiyo si habari njema. Magneto huzimwa kwa waya unaopeleka umeme wake kwenye bodi ya injini. Waya huo ukikatika, swichi inasema imezimwa lakini cheche bado ipo, na mtu akigusa panga anaweza kupoteza mkono. Hata zile ndege za kuelea zenye mabawa marefu na injini ndogo hukaguliwa hivyo, ilhali zenyewe injini ikifa zinateleza tu hewani zikitafuta pa kutua. Boti ya Funzi haitelezi popote. Ina mashine moja na kusi.

Kwenye boti waya huohuo hutuumiza kwa upande wa pili. Chumvi ikiingia kwenye swichi ya kuzima, umeme unavuja kwenda kwenye bodi muda wote na plagi haipati kitu. Fundi alinionyesha: toa plagi, iguse kwenye chuma cha injini mbali na petroli, vuta kamba, tazama cheche. Hakuna? Chomoa waya wa swichi, vuta tena. Ikirudi, koili ni nzima, tatizo ni swichi. Ila ukiiwasha hivyo, jua kwamba swichi haitaizima tena. Utafunga hewa au mafuta. Isiporudi, au ikija baridi na kupotea moto, koili ndiyo hiyo. Ndani yake waya umefunikwa kwa utando mwembamba, joto likiupasua, nyufa hufunguka mashine ikichemka na kufunga ikipoa. Ndiyo maana watu husema ina jini.

Nilimuuliza kinga ni nini. Akasema plagi ibadilishwe mapema, maana pengo lake likipanuka koili inafanyishwa kazi kupita kiasi. Kifuniko kifutwe chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, sio kupigwa kwa mpira. Na koili ya akiba ikae ndani ya boti kwenye mfuko mkavu.

Hilo la mwisho ndilo lililonikera. Mwenye boti yetu alipoambiwa akasema koili ni ghali, atanunua ikifa kabisa. Alisema hivyo amesimama mchangani, na mama yule bado anakausha nguo za mtoto. Nikamuuliza fundi kama boti itarudi majini kesho. Akanionyesha ile koili ya zamani aliyokwisha kuifunga tena mahali pake, akaosha mikono kwa petroli, akasema, "Asubuhi mapema, kabla haijapata moto."