Mkono wa Kaka na Heshima ya Chapa katika Unyakyusa

Aghalabu watu hudhani kwamba mapenzi ya mtu kwa chapa fulani ya bidhaa huzaliwa dukani. Tukiichunguza historia ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, twaona vinginevyo. Huko mtu alijifunza kuthamini kazi ya fundi kutoka kwa kaka au dada yake, kabla hajashika senti ya kununulia chochote.

Chanzo cha jambo hili ni malezi. Zamani Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika. Mvulana alipotimiza umri wa miaka 10 au 11 hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akaungana na wenziwe kujenga vibanda vyao wenyewe. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa makundi. Wadogo waliendelea kupokelewa kwa miaka kadhaa. Kisha kijiji kikafungwa, na waliofuata wakaanzisha chao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alivieleza vijiji hivyo katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Wema mkuu uliothaminiwa humo uliitwa ukwangala, yaani kufurahia mazungumzo na ushirika wa wenzako. Aidha, mtu alipofariki, mali yake ilirithiwa na ndugu yake kabla ya kuwafikia wana. Hivyo kijana alimtazama kaka yake kama mtu atazamaye kesho yake mwenyewe. Alichokipenda kaka, mdogo alikipenda.

Chapa zilikuwapo hata kabla ya maandishi. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Kikinga katika Milima ya Livingstone, wakayabadilishana na Wanyakyusa kwa chakula. Vyungu vilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, vikavushwa kwa mitumbwi hadi Matema. Jembe la Mkinga na chungu cha Mkisi havikuwa na nembo. Jina la wafundi wake lilitosha. Na ufinyanzi wenyewe ulirithishwa vivyo hivyo: msichana alikaa kando ya mama na dada zake, akautazama udongo ukipanda mikononi mwao, hata naye akaujua.

Baadaye ikaja kazi ya ujira. Tangu miaka ya 1920 na 1930 vijana walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Fedha zao zilinunua ng'ombe wa mahari. Zilinunua pia nguo na baiskeli. Kaka aliyerejea na Raleigh, iliyoundwa Nottingham, Uingereza, hakuhitaji kuisifu. Mdogo wake ndiye aliyeiosha mtoni, akaipaka mafuta mnyororo, akajifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo, kwa kuwa kiti hakukifikia. Mtoto huyo alipopata fedha zake, aliitafuta chapa ile ile. Hakuwa akinunua chuma tu. Alikuwa akinunua siku ile kaka aliporudi nyumbani.

Hapa yafaa tujiulize swali zito. Ikiwa mapenzi ya namna hii yaliweza kuifuata bidhaa iliyotoka mbali, je, twawarithisha wadogo zetu heshima gani kwa kazi ya mikono yetu? Kyela ina chapa yake. Mpunga unaolimwa katika nyanda zinazopitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo una harufu nzuri inayojulikana hadi Dar es Salaam. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema huharibika pia. Hutokea mchele wa kwingine ukauzwa kwa jina la Kyela, na hutokea mkulima mwenyewe akachanganya mbegu kwa tamaa ya gunia moja zaidi. Atendaye hivyo mbele ya mdogo wake amemfundisha somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta kwa urahisi.

Vijiji vya rika vimekwisha, wala hatusemi virudi. Watoto sasa hukua shuleni na nyumbani kwa wazazi. Hata hivyo, kaka na dada wangalipo, na macho ya wadogo yangali yakiwafuata. Wanafunzi mtakaosoma insha hii, wengi wenu mna wadogo. Mnachokitunza watakitunza, mnachokidharau watakidharau. Jina jema la mchele wa Kyela na la chungu cha Ikombe halilindwi na maandishi ya gunia peke yake. Hulindwa kwanza na mkubwa apeteaye mchele kwa uaminifu, huku mdogo wake akimtazama.