Maumivu ya Kichanga Yapozwe

Kipeperushi cha akina mama wanaopeleka vichanga kliniki kililetwa kwangu nikisome kabla hakijapigwa chapa. Kichwa chake kilikuwa "Udhibiti wa Maumivu Usio wa Kifamasia kwa Watoto Wachanga". Nilikipinga kwa maandishi. Kikarudi kimekuwa "Udhibiti wa Maumivu Pasipo Dawa", na jopo lililokiandaa likadhani limenisikia. Pendekezo langu, upozaji wa maumivu, lilitupwa kwa mstari mmoja wa kumbukumbu za kikao: "neno halina hadhi ya kitaalamu". Makala hii ni jibu langu kwa mstari huo.

Jambo lenyewe wasomaji wanalijua. Mtoto anapochomwa sindano ya BCG, anapotobolewa kisigino ili damu idondoshwe kwenye karatasi ya kipimo, au anapotafutwa mshipa, yako mambo yanayompunguzia maumivu bila kidonge wala ganzi: kunyonya, kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, matone ya maji ya sukari yaliyopimwa na mhudumu. Na kwamba kichanga huumia si suala la kubishania tena tangu mwaka 1987, K. J. S. Anand na P. R. Hickey walipochapisha katika New England Journal of Medicine makala iliyoyabomoa madai ya kwamba mishipa yake ya fahamu haijakomaa kiasi cha kusikia maumivu. Kwa imani hiyo vichanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa haba mno. Sitalirudia somo hilo. Ninachogombea ni jina.

Tuanze na "pasipo dawa". Aliyewahi kusimama kwenye dirisha la zahanati akaambiwa "dawa hakuna, kanunue nje" anajua maneno hayo yanavyoingia sikioni. Kipeperushi kiliposomwa kwa majaribio mbele ya akina mama, mmoja wao, mtoto wake wa wiki sita mgongoni, aliuliza: "Kwani dawa zimekwisha, sista?" Taarifa ya majaribio ikaandika kwamba mama huyo hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa kile alichosomewa. Alitajiwa kitu kwa upungufu wake, akauulizia upungufu. Maziwa ya mama hatuyaiti "chakula pasipo kopo".

"Udhibiti" ni tatizo zito zaidi. Ni neno la Kiarabu asilia, lenye maana ya kushika kwa nguvu na kutoachia, nasi tumelitumia vyema kwa bei, magendo na mipaka. Likiletwa kwenye meza ya chanjo, anayedhibitiwa ni mtoto. Nimemwona mhudumu akitoboa kisigino: mkono mmoja umekikaba kifundo cha mguu, mwingine unakamua tone lijaze duara la karatasi, mama amesimama pembeni ameshika khanga. Huo ndio udhibiti. Kama mama angekuwa amekaa, mtoto anyonye, kisigino kining'inie nje ya khanga, tungehitaji neno jingine, na neno hilo tunalo.

Kupoza ni kufanya kitu kipoe, na poa ni neno lililodondosha sauti njiani. Zamani lilikuwa pola. Ndugu zake bado wanayo sauti hiyo: Kizulu kina phola, Kishona pora, Kichewa pola, na katika lugha zote tatu husemwa juu ya jeraha au mgonjwa anayepata nafuu. Sisi tuliipoteza l katika kitenzi, tukabaki nayo katika pole, upole na polepole. Anayetaka ushahidi zaidi aitazame z ya poza: kama lala ilivyozaa laza, ndivyo pola ilivyozaa poza. Kwa hiyo anayemwambia mwenzake "pole" na anayepoza maumivu ya kichanga wanatumia mzizi mmoja. Neno lenye nasaba ya namna hii limeambiwa halina hadhi, na walioliambia hivyo waliridhika na "kifamasia".

Maana yake nayo ina kipimo ambacho istilahi zote shindani hazina. Chai hupozwa, hasira hupozwa, njaa hupozwa kwa kipande cha muhogo. Katika yote hayo kitu hakiondolewi, hupunguzwa makali. Aliyepoza njaa saa kumi bado anakingoja chakula cha usiku. Mafundi umeme wa Tanzania walilielewa hilo zamani, wakaita mahali umeme mkubwa unaposhushwa nguvu kabla ya kuingia majumbani kituo cha kupoza umeme, wala hakuna kikao kilichowauliza hadhi. "Kuondoa maumivu" ni ahadi isiyotimizwa na ziwa. "Kutuliza" kumeshachukuliwa na vidonge, na kubaki huko. "Kuponya" ni mzizi mwingine na kazi nyingine.

Mapingamizi niliyosikia ni mawili. La kwanza, kwamba poa ni lugha ya vijiwe, ya "mambo?" na "poa". Vijana walilikuta neno likiwa na karne zake, na hawakuliharibu. La pili lina uzito, nami nalipa heshima yake: kupoza kunakaribiana na kupooza, na mahali penyewe ni kliniki ambako mtoto hupewa matone ya kumkinga na ugonjwa wa kupooza. Lakini sikio la Mswahili husikia tofauti. Mkazo wa kupoza uko kwenye po, wa kupooza uko kwenye o ya pili. Tena kinachopooza ni kiungo au mtu, kinachopozwa hapa ni maumivu. Ndiyo maana nashikilia kuwa neno liandikwe kamili, kupoza maumivu, lisiachwe peke yake kwenye bango.

Yupo pia mpendekezaji wa "ubembelezaji", mtu mwenye sauti kubwa vikaoni. Huyu ananisumbua kuliko jopo zima, kwa kuwa neno lake ni tamu na linapotosha. Ricardo Carbajal na wenzake, katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2003, waliwagawa vichanga 180 waliotolewa damu mshipani. Kwa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, alama ya kati ya waliokuwa wakinyonya ilikuwa 1. Waliopewa maji ya sukari na chuchu bandia walipata 3. Waliopakatwa na mama zao bila kunyonya walipata 10, sawasawa na waliopewa maji matupu. Kupakata tu, ambako ndiko kubembeleza kunakofikiriwa na kila anayelisikia neno hilo, hakukupunguza chochote. Ngozi kwa ngozi ni habari nyingine: huko Boston mwaka 2000, Larry Gray na wenzake walichunguza vichanga 30 waliotobolewa kisigino, na waliolazwa kifuani pa mama, ngozi ikigusa ngozi, walilia pungufu kwa asilimia 82 kuliko waliofungwa nguo na kuachwa kitandani. Istilahi inayochanganya jambo linalofanya kazi na lisilofanya kazi haifai kuwekwa mikononi mwa mhudumu, hata iwe na utamu gani.

Matumizi ni mepesi: upozaji kwa ziwa, upozaji kwa ngozi, upozaji kwa sukari. Hiyo ya mwisho ni ya kituo cha afya na kipimo chake, na isigeuzwe asali ya nyumbani, ambayo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa. Mpozaji ni mama, au baba aliyefungua vifungo vya shati. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri watoto wanyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Basi maelekezo ya mhudumu yaandikwe kwa mpangilio huo: mama akae, aanze kunyonyesha, mtoto akishalishika ziwa vizuri ndipo achomwe, naye aendelee kunyonya mpaka sindano itoke.