Mlima Kenya: Barafu Ilifika Wapi, na Lini?

Kukiwa hakuna mawingu, Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana kutoka Thika. Barafu yake sasa ni vipande vidogo karibu na kilele, lakini zamani ilishuka hadi karibu mita 3,200 na kuacha matuta ya mawe na udongo yaitwayo moreni. Umri wa mwamba hautuambii tuta liliwekwa lini, maana volkano iliutapika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kinachopimwa ni muda ambao jiwe limekaa wazi: miale ya angani huligonga na kuzalisha klorini-36, ambayo huongezeka kadiri miaka inavyopita.

Huenda jiwe lilikuwa wazi kabla ya kubebwa, likaonekana zee kupita kiasi, au lilifukiwa likaonekana changa. Ndiyo maana hupimwa mawe makubwa kadhaa ya tuta lilelile, na majibu kulinganishwa na kina cha udongo uliojengeka juu ya tuta hilo. Je, matuta haya hayakuletwa na maporomoko tu? Maporomoko humwaga kifusi chini ya mteremko. Barafu hujenga kingo ndefu kando ya bonde, kama zilivyo katika Bonde la Teleki mlimani humo.