Mzizi wa Bunda na Kisahani cha Petri

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika Mwanza akifuatilia malale, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kutoka hapo alivuka hadi visiwa vya Ssese, Uganda, akawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka.

Miaka 19 kabla ya safari hiyo, msaidizi wake Julius Petri alikuwa ametangaza kisahani chenye kifuniko cha kukuzia bakteria. Kisahani hichohicho ndicho kilichokuja kutumika kupima mizizi ya waganga wa ukanda huu.

Usukumani, nchi ya Wasukuma kusini mwa ziwa, dawa ilikuwa na uwanja wake. Gika na Gumha, manju waliosifika pia kwa uganga, walishindana kwa ngoma na dawa katika karne ya 19, na aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Wafuasi wao, Bagika na Bagalu, bado huchuana Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sikukuu ya Bulabo kila Juni. Lakini hiyo ni dawa ya mvuto. Ya kidonda na ya kuhara haikuchezewa ngoma. Ilichimbwa porini, ikachemshwa, na siri yake ikabaki katika ukoo.

Serikali iliipa dawa hii nafasi mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, Dar es Salaam, kilichopandishwa kuwa taasisi mwaka 1991. Ni kutoka Muhimbili ambako Sheila Maregesi na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walikwenda Bunda, mashariki mwa ziwa, kuuliza ni mimea gani hutibu maambukizi. Matokeo ya mahojiano hayo yalichapishwa mwaka 2007, na ya maabara yakaanza kufuata mwaka 2008.

Njia ya kawaida ni hii: mzizi hukaushwa, husagwa, hulowekwa kwenye spiriti au kimiminika kingine, kisha kimiminika hicho hutiwa kwenye kisahani kilichopandwa bakteria. Asubuhi, palipo na duara safi pana dawa.

Katika utafiti huo wa Bunda, gamba la mzizi wa mti uitwao kitaalamu Elaeodendron schlechteranum lilitoa kemikali ya tinjenini B, iliyozuia vikali Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda. Habari njema, ila kemikali hiyohiyo iliua pia seli za binadamu. Duara kwenye kisahani halisemi lolote kuhusu ini wala macho ya mgonjwa, na watu wa Ssese walilipa gharama ya swali kama hilo.

Tena, kemikali hiyo ilipatikana kwa etha ya petroli, kimiminika kinachovuta mafuta ya mmea, wakati dawa nyingi za kienyeji huchemshwa kwa maji, ambayo huvuta vitu vingine kabisa. Kwa hiyo sumu iliyoonekana maabara haimhukumu mganga, wala haimtakasi. Kipimo kinachomfaa mgonjwa wa Bunda ni cha maji yaleyale anayokunywa, kwa kiasi kilekile anachopewa, na kiasi hicho anakijua mganga.