Fimbu: neno la maumivu lililogeuka furaha ya Léopards

Kila mara Léopards wanapopata goli, mkono unapanda juu na kushuka kwa nguvu, kama mtu anayechapa. Densi hiyo inaitwa Fimbu. Ni kazi ya Félix Wazekwa, mwimbaji wa Kinshasa na kiongozi wa orkestra Cultur'A Pays Vie. Inachezwa Matonge, inachezwa Goma, na watoto wanaicheza hata kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, penye mpira wa matambara na kamba. Wanaoicheza ni wengi. Wanaouliza neno lenyewe limetoka wapi ni wachache.

Jibu haliko mbali. Fimbu ni fimbo. Kilingala kililipokea neno hili kutoka Kiswahili, na katika lugha zote mbili wazee wa Congo hawakulitumia kwa kiboko cha kuchungia ng'ombe tu. Kwao fimbo ilikuwa chombo cha utawala.

Fimbo ya Bula Matari

Wakati wa Léopold II, kuanzia 1885, na kisha wakati wa ukoloni wa Wabelgiji kuanzia 1908, adhabu ya kila siku ilikuwa shikoti. Ulikuwa mjeledi uliokatwa katika ngozi ya kiboko, mnyama wa mtoni, ukakaushwa mpaka ukawa mgumu na wenye makali. Mtu alilazwa chini mbele ya wenzake, akahesabiwa. Aliyeleta mpira wa miti kidogo alichapwa. Aliyekosa kazi ya barabara alichapwa. Aliyechelewa kodi alichapwa.

Mambo hayo hayakubaki katika vitabu vya wazungu tu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyachora tena na tena katika miaka ya 1970: mtu amelala chini, askari anapiga, mzungu anaangalia, bendera iko juu. Picha za namna hiyo, zilizoitwa «Colonie belge», zilitundikwa katika nyumba za watu wa kawaida. Na tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin na kukumbusha mapigo ambayo Wacongo walipokea asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa alikuwa anasema juu ya nini.

Basi neno fimbo lilikuwa na uzito. Ili liweze kuimbwa kwa kucheka, ilibidi lipite mahali fulani. Lilipita uwanjani.

Mpira na muziki, ndugu wawili

Congo haijawahi kutenga mpira na muziki. Franco Luambo Makiadi, mwenye OK Jazz, alijulikana kama mtu wa Vita Club kama alivyojulikana kwa gitaa yake. Kinshasa, siku ya Vita na Imana, ngoma na tarumbeta zinafika uwanjani kabla ya wachezaji. Lubumbashi ni vile vile: ekipe inayoitwa leo TP Mazembe ilipochukua kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, ikiitwa bado Englebert, mashabiki waliimba mbele, magazeti yakaandika nyuma.

Nyimbo nyingi za namna hii hazikupata studio. Mtu mmoja anaanza katika jukwaa, kumi wanaitikia, elfu wanashika. Msimu unapita, wimbo unakufa, na hakuna diski ya kuonyesha kwamba ulikuwako. Ndiyo sababu wimbo wa mashabiki unaodumu miaka mingi ni kitu adimu.

Kulikuwa pia na wakati ambapo utawala ulitaka mpira na wimbo viwe vyake. Ekipe ya taifa iliitwa Simba. Mobutu akaibadilisha ikawa Léopards, yaani Chui, mnyama aliyemvaa kichwani. Léopards walichukua Kombe la Afrika Addis Abeba 1968 kwa kuifunga Ghana 1-0. Walilichukua tena Cairo 1974, mbele ya Zambia: mechi ya kwanza 2-2, ya marudio 2-0, na magoli yote manne ya Zaïre yalifungwa na Ndaye Mulamba. Alimaliza mashindano akiwa na magoli 9, na hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika CAN moja mpaka leo. Mwaka huo huo Zaïre ikawa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Halafu ushindi ukasahaulika, hata wenye ushindi. Ndaye alipigwa risasi mguuni 1994 na watu waliomvamia. Akakimbia inchi, akaishi kama mkimbizi Afrika Kusini, bila watu kumtambua njiani. Mwaka 1998, kwenye CAN ya Burkina Faso, uwanja ulinyamaza dakika moja kwa ajili yake, kwa habari kwamba amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Johannesburg mwaka 2019. Familia iliyoacha nyumba Masisi na kuanza upya mahali ambapo hakuna anayejua jina lake inaelewa maisha hayo bila mkalimani.

Mkono unageuka

Fimbu ya Wazekwa ni ya kizazi kingine. Tarehe 7 mwezi wa pili 2016, Kigali, Léopards waliocheza katika ligi ya nyumbani walichukua CHAN kwa kuifunga Mali 3-0: Meschack Elia magoli mawili, Jonathan Bolingi moja, chini ya kocha Florent Ibenge. Mashindano yalikuwa mlangoni pa Kivu, kwani Rubavu, pembeni kabisa ya Goma, ilikuwa kati ya miji iliyopokea mechi. Ni katika miaka hiyo neno Fimbu liliingia katika mdomo wa mashabiki wa ekipe ya taifa na kukaa humo.

Angalia kilichotendeka kwa neno. Zamani fimbo ilikuwa mkononi mwa mwingine na mgongo ulikuwa wa Mcongo. Katika densi, mkono ni wa Mcongo, na anayechapwa ni ekipe ya upande wa pili, kwa magoli, bila damu kutoka. Aliyechapwa anapeana mkono na mchapaji, anapanda basi, anarudi kwao. Wimbo haukufuta historia ya shikoti. Uliiondoa tu mikononi mwa mwenye kutisha.

Abidjan: mkono mdomoni

CAN ya Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, ilirudisha Fimbu kwa nguvu mpya. Léopards wa kocha Sébastien Desabre walitoka sare mara tatu katika kundi: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Halafu wakaitoa Misri kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi mwenyewe akipiga ya mwisho. Guinée wakalala 3-1, kwa magoli ya Chancel Mbemba, Yoane Wissa na Arthur Masuaku. Kila ushindi ulifuatwa na Fimbu, na Afrika nzima ikajifunza kuinua mkono.

Kisha ikafika tarehe 7 mwezi wa pili 2024, miaka minane kamili baada ya Kigali. Siku hiyo maelfu ya watu walikuwa wakikimbia kutoka Sake kuelekea Goma, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Wengi wao walikuwa wamekimbia tayari mara moja au mbili kutoka vijiji vya Masisi. Jioni, Abidjan, wimbo wa taifa ulipopigwa mbele ya mechi na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Congo hawakucheza wala hawakupiga kelele. Kila mmoja alifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki.

Ujumbe ulikuwa wazi: watu wanauawa mashariki, na dunia imefunga mdomo. Congo ilipoteza 1-0, goli la Sébastien Haller. Lakini picha iliyozunguka dunia kesho yake ilikuwa ya ile mikono, kuliko ya goli.

Mkono uliocheza Fimbu ndio uliofunika mdomo. Ekipe ni ile ile, watu ni wale wale.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Ishara ya Abidjan haikusimamisha bomu hata moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza 2025, vita viliingia Goma yenyewe, na kambi zilizoizunguka zikavunjwa. Familia zilizokuwa Bulengo, Lushagala au Rusayo zilitawanyika tena: wengine wakarudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wengine wakapanga kwa ndugu. Hakuna wimbo wa mpira unaojenga nyumba iliyochomwa.

Lakini mtu aliyekimbia habebi vingi. Anabeba sufuria, kitambulisho kama kipo, simu au redio ndogo yenye mabuye karibu kwisha. Wimbo hauongezi uzito kwenye mzigo, na kwenye barrière hakuna anayeweza kuutoza. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajaona shamba la babu yake, anajua kuinua mkono Léopards wanapofunga, sawa na mtoto wa Kinshasa au wa Lubumbashi. Kwa sekunde hizo yeye si mkimbizi wa ndani. Ni mtu wa inchi, na inchi ni yake.

Anapouliza Fimbu ni nini, anastahili jibu lote: shikoti, Kigali, na ule mkono mdomoni. Wazazi wanaojua wamwambie, maana wimbo huu mtoto ataucheza tu, hata bila kuambiwa.